Re: Kuhama Minneapolis kwenda Atlanta (mhasibu, nesi, watoto wawili)

Kutoka: dada wa Minneapolis

Wanajamvi, shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za siku.

Tuna miaka tisa Minnesota. Mimi ni mhasibu mwenye CPA, yaani leseni ya uhasibu ya Marekani, mume wangu ni nesi wa wagonjwa mahututi. Hatubebi tena boksi, tunamshukuru Mungu. Ila ofisini, ghorofa nzima mweusi ni mimi peke yangu, na kijana niliyemfundisha kazi mwaka juzi ndiye bosi wangu leo. Juzi binti yetu wa miaka 11 aliniuliza kama mtu mweusi anaruhusiwa kuwa daktari wa meno, maana hajawahi kumwona hata mmoja. Swali hilo limeninyima usingizi.

Kila mtu anatuambia Atlanta. Ni kweli, au ni sifa za mitandaoni? Na tukija, tukae upande gani?

---

Kutoka: kaka wa Marietta

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili.

Nianze na binti. Hapa daktari wake wa meno anaweza kuwa mweusi, na wa macho, na mwalimu mkuu, na hakimu atakayemwona siku shule ikiwapeleka mahakamani kujifunza. Baada ya miezi michache hatashangaa tena. Mimi nilihama kwa ajili ya kazi, lakini nikiwaangalia wanangu naona hilo ndilo tulilolipata kubwa kuliko yote.

Sifa za Atlanta zina mizizi. Mwaka 1973 Maynard Jackson alichaguliwa kuwa meya wa kwanza mweusi wa jiji hili, akiwa na miaka 35. Uwanja mpya wa ndege ulikuwa unataka kujengwa, naye akasema bila robo ya kazi kwenda kwa kampuni za watu weusi na za jamii nyingine za wachache, ujenzi hauanzi. Wakubwa wa biashara walimkasirikia sana. Hakurudi nyuma, na jengo lilifunguliwa mwaka 1980. Kampuni zilizopata kazi pale ziliajiri wahasibu, mawakili na wahandisi weusi, na hao wakasomesha watoto wao. Ongeza Morehouse, Spelman na Clark Atlanta, vyuo vinavyotoa wahitimu weusi kila mwaka, halafu Coca-Cola, Delta, UPS na Home Depot zote zina makao makuu hapa au jirani. Ndiyo maana ukiingia kwenye kikao cha fedha Atlanta hutakuwa peke yako.

Nakueleza haya kwa sababu nilifika bila kuyajua, na yalinigharimu miaka miwili. Nilikaa na watu wa nyumbani tu: kanisa letu, michango yetu, misiba yetu, nyama choma yetu. Ni ndugu zangu na sitawaacha. Lakini tulikuwa tunapeana habari za kazi zilezile za maghala na za kutunza wazee, na kuhusu Wamarekani weusi tulikuwa tunasema maneno ambayo leo nayaonea haya. Wakati huo nilituma maombi zaidi ya sitini nikaitwa usaili mara mbili. Kampuni moja ilinieleza wazi kwamba lafudhi yangu ingewachosha wateja.

Aliyenitoa hapo ni mama mmoja wa hapahapa Georgia, mhasibu mstaafu, aliyenipeleka kwenye mkutano wa NABA, chama cha wahasibu weusi kilichoanzishwa mwaka 1969. Alichukua wasifu wangu akausoma, kalamu mkononi, kama mwalimu. Akaniuliza, “Hesabu za hospitali nzima ulizifunga wewe? Mbona umeandika ulisaidia?” Sikuwa na jibu. Sisi tumelelewa kwamba kujisifu ni aibu, anayestahili atasifiwa na wengine. Hapa anayesoma karatasi yako hakujui, na ukiandika ulisaidia, ataamini ulisaidia. Tuliandika upya sentensi moja baada ya nyingine, na baada ya wiki saba nilikuwa na kazi. Kwa hiyo, dada, kabla hata hujafunga mizigo jiunge na chama hicho, uanze kuhudhuria.

Usije pia ukidhani kila mlango uko wazi. Wakubwa wa juu kabisa katika kampuni nyingi bado si sisi. Jiji lenyewe linabadilika: sensa ya 2020 ilikuta weusi wamekuwa chini ya nusu ya wakazi, na mitaa iliyo karibu na BeltLine, njia ya waenda kwa miguu na baiskeli inayozunguka jiji, imepanda bei hadi waliozaliwa pale wanahama.

Kuhusu pa kukaa, tazama barabara kabla ya nyumba. Wengi wetu wa Afrika Mashariki tuko Marietta na Kennesaw, kaunti ya Cobb, na Wakenya hasa ni wengi. Utapata unga, sukuma na mtu wa kukupokelea watoto. Ila treni ya MARTA, usafiri wa umma wa Atlanta, haifiki Cobb. Wapiga kura wa kaunti waliikataa tangu 1965, na sababu kubwa ilikuwa hofu ya weusi kuja na treni. Leo tunaokaa huku tunalipia uamuzi huo kila asubuhi kwenye I-75, barabara kuu ya kuingia mjini. Foleni hiyo imeninyima jioni nyingi na wanangu.

Kama kazi yako itakuwa Downtown au Midtown, angalia Decatur, East Point, au Cascade kusini-magharibi ya jiji. Huko Cascade, Desemba 1962 jiji liliweka vizuizi barabara ya Peyton Road ili weusi wasinunue nyumba upande wa pili. Mahakama iliviondoa miezi michache baadaye, na leo eneo hilo ni la madaktari na walimu weusi wenye nyumba zao. Kabla hujatia saini mkopo, njoo siku ya kazi, uendeshe njia ya kutoka nyumba hiyo hadi kazini saa moja na nusu asubuhi.

---

Kutoka: nesi wa Gwinnett

Kaka amemaliza, naongeza ya shemeji. Georgia imo katika makubaliano ya leseni ya unesi ya majimbo mengi, Minnesota haimo. Kwa hiyo leseni yake ya huko haitahama yenyewe. Aombe ya Georgia mapema, kabla ya kuacha kazi, maana mimi nilikaa bila mshahara nikisubiri karatasi.

Gari: mkishahamia mna siku 30 kuisajili, na mgeni katika jimbo hulipa asilimia 3 ya thamani yake. Kwa magari mawili hizo ni hela, ziwekeni pembeni. Kodi ya mapato ya jimbo mtaona nafuu, kwa sababu Minnesota hupanda hadi asilimia 9.85 na hapa ni kiwango kimoja kilicho chini ya asilimia 6. Lakini msilinganishe kodi bila kulinganisha mishahara, manesi wa huko wana chama chenye nguvu na hapa hatuna.

Na binti wa miaka 11 akimaliza sekondari hapa akiwa na wastani wa alama wa 3.0 kati ya 4.0, kuna HOPE, fedha za bahati nasibu ya jimbo zinazosaidia karo katika vyuo vya umma vya Georgia. Makaratasi yake ya ukaazi yawe sawa mapema.

---

Kutoka: dada wa Minneapolis

Ahsanteni sana. Nimemsomea mume wangu yote mezani. Ameanza maombi ya leseni usiku huohuo. Tutakuja wiki ya likizo ya shule mwezi wa tatu, na Jumanne asubuhi tutakuwa kwenye I-75 kama kaka alivyoagiza.

Kaka, nimeenda kutazama wasifu wangu. Neno “nilisaidia” nimelikuta mara nane. Huyo mama mstaafu, kama bado yupo, naomba uniunganishe naye.

---

Kutoka: kaka wa Marietta

Yupo. Ngoja nimwombe ruhusa kwanza, kisha nitakuandikia pembeni.