Kuhama Dar kwa ajili ya baiskeli na hewa ya ubaridi: Arusha, Iringa, Mbeya au wapi?

Pedali_Kimara

Wakuu habari zenu. Mimi na mke wangu tumeshakubaliana tunaondoka Dar, kilichobaki ni tunaenda wapi. Mke ni nesi anaweza kuomba uhamisho, mimi kazi zangu za mahesabu nafanya kwenye kompyuta kwahiyo nikipata umeme na intaneti ya kueleweka naishi popote, watoto wawili wapo shule ya msingi. Kinachonifanya niulize ni baiskeli. Nina ya resi na nina maunteni moja (ya njia za vumbi), ila kwa Dar ukitaka kuendesha lazima utoke saa 11 alfajiri, ikifika saa 2 jua limeshachachamaa, hewa nzito, jasho linatiririka tu halikauki, na kuanzia Desemba mpaka Machi hata usiku hakuna nafuu. Na Morogoro Road mnaijua, mabasi ya mikoani yanatoka muda uleule ninaotoka mimi.

Natafuta sehemu ambayo naweza kutoka hata saa 4 asubuhi nikapiga kilomita 60 nikarudi mzima, barabara iwe na bega la kueleweka au magari yawe machache, na isiwe baridi ya kuwaumiza watoto. Nimefikiria Arusha, Iringa na Mbeya. Mnaoishi huko na mnaendesha nipeni hali halisi, ya mtalii wa siku mbili hapana.

MamaNasra_Njiro

Kaka karibu Arusha. Mji upo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na kila unapopanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6 hivi, ndio maana ukitoka Dar unajisikia umefunguliwa kifua, na hewa sio ya unyevu kama ya pwani, jasho linakauka unaendelea. Januari na Februari jua la mchana linachoma kweli ila ukiingia kivulini umepoa. Juni mpaka Agosti jiandae, mawingu yanalala juu ya mji asubuhi nzima, Julai alfajiri nyuzi 12 au 13 ni kawaida, watoto sweta za shule wanavaa na wanazoea.

Sasa barabara. Mjini katikati usiende na baiskeli ya resi, bajaji, bodaboda na Noah hawakuoni, hata ile ya njia nne ya Sakina mpaka Tengeru nzuri lakini watu wanachomoka kila kona. Sisi tunaendesha bypass, ile inayozunguka kusini kutoka Ngaramtoni mpaka Usa River, kilomita 42, asubuhi magari machache na upande wa Kisongo uko wazi unaona mbali. Ukitaka ndefu unatokea Kisongo unaelekea Makuyuni, lami tupu na mbuga ya Wamasai pande zote mbili, magari ya watalii yanaenda kasi ila wengi wanakupa nafasi. Ukitaka kupanda kuna njia ya Usa River kwenda Momela.

Kwa mwanamke niseme na hili maana wake zenu nao wanataka kuendesha: giza likiwepo sitoki peke yangu, tunakutana kikundi. Ikishafika saa 1 kumekucha naenda mwenyewe bila wasiwasi. Kibaya cha Arusha ni masika, katikati ya Machi mpaka Mei, zile njia za udongo za kupanda Ilboru na Sekei zinateleza hazipandiki, na kodi za nyumba zimepanda. Ningekuwa wewe ningetafuta Usa River au Tengeru, kuna joto zaidi kidogo kuliko mjini lakini unatoka nyumbani moja kwa moja unaingia barabarani.

Kihesa_Iringa

Mkuu Arusha sina ugomvi nayo ila kwa masharti uliyoyaweka jibu ni Iringa na nitakwambia kwanini. Moja, mvua. Arusha wana masika na vuli, sisi msimu ni mmoja tu, inaanza Novemba au Desemba inaisha Aprili, baada ya hapo ni ukavu mpaka mwisho wa mwaka unaendesha utakavyo. Mbili, malori. Barabara kuu ya Dar kwenda Zambia inapita bondeni pale Ipogolo, haipandi mjini, kwahiyo malori yanatuacha juu na amani yetu. Tatu na ndio kubwa kuliko zote, barabara ya Dodoma. Inaanzia hapa Kihesa, inapita Nduli, inaingia tambarare ya Isimani yenye mahindi na alizeti mpaka milima ya Nyang'oro, lami nzuri, magari ya kuhesabu. Asubuhi ya Jumamosi unasikia cheni yako tu na mbuzi. Ukiwa na miguu unashuka Nyang'oro kwa zile kona mpaka Migoli na Mtera, ila kule chini ni joto kabisa, na kupanda kurudi jua la saa 6 sikushauri mpaka uzoee.

Mji wenyewe upo kama mita 1,550, mdogo, shule zipo na hospitali ya mkoa ipo kwahiyo shemeji akiomba uhamisho sio kama ameomba kijijini. Kwa maunteni kuna Tosamaganga na Kalenga, njia za vumbi zinapita kwenye mashamba, na Isimila ni kama kilomita 20 tu.

Moja la kukataza: mlima Kitonga, kwenye barabara kuu ya kutoka Dar, usiende na baiskeli. Kona kali, lori linapanda taratibu na basi nyuma yake limekosa subira, hapo hakuna nafasi ya mtu wa magurudumu mawili.

Uyole_Juu

Naongea kama mtu wa Mbeya ninayeipenda Mbeya. Kama unataka milima hakuna mkoa wa kutufikia. Mji upo karibu mita 1,700 na nyuma yake kuna mlima Loleza. Ukitokea Uyole kwenda Tukuyu unapanda mpaka Isongole, pale baridi inakushika hata mchana, halafu unaanza kushuka Kiwira, migomba, chai, kijani mpaka macho yanachoka, na ukiendelea unafika Kyela ambako ni joto kama la kwenu. Misimu yote ya hewa ndani ya siku moja. Na barabara ya Chunya ni lami sasa, inapanda safu ya milima juu ya mji, ile ndio shule ya mapafu.

Lakini ukweli ni huu. Mbeya mjini imejengwa juu ya barabara kuu. Kutoka Uyole mpaka Mbalizi ni malori ya Tunduma, shaba inashuka Dar, mafuta yanapanda Zambia, na mteremko wa Iwambi umeshaua watu wengi. Huwezi kutoka nyumbani bila kuigusa hiyo barabara isipokuwa umepanga upande sahihi. Na Juni na Julai asubuhi tunashuka chini ya nyuzi 10, vidole havibonyezi gia. Ukitaka kuja Mbeya panga Uyole kwa nje upande wa Tukuyu, au Isanga kama Chunya ndio unaitaka, usipange katikati.

Pedali_Kimara

Asanteni sana, hii ndio aina ya maelezo niliyokuwa nayatafuta. Kihesa nimesikia Iringa ina upepo, hujautaja kabisa. Na MamaNasra, vumbi na miiba kule Kisongo vipi?

Kihesa_Iringa

Upepo upo na ni mkali, Julai mpaka Oktoba. Unavuma kutoka kusini mashariki, kwahiyo ukitoka hapa kwenda Isimani unakusukuma unajiona bingwa wa dunia, kazi ni kurudi, umechoka na unaukabili usoni. Unageuza mapema, unabakiza maji na chakula, ndio tunavyofanya. Ila upepo huohuo ndio unaokuruhusu kuendesha saa 4 na saa 5 bila kuungua, hutapata vyote.

MamaNasra_Njiro

Miiba ya migunga ipo kaka, usishuke pembeni ya lami hata kwa kukojoa bila kuangalia tairi. Vumbi ni Septemba na Oktoba, miwani lazima.

Mzee_wa_Marangu

Wanangu naona mmeruka Kilimanjaro. Moshi mjini siitetei, iko chini, mita mia nane na kitu, Februari ni moto kweli. Lakini nani kasema lazima ukae mjini? Panda Marangu au Machame, haifiki saa moja kwa gari na umeingia hewa nyingine, migomba na kahawa, maji ya mfereji yanapita nje ya nyumba. Na barabara ninayoisifia ni hii: Himo, Marangu, Mkuu Rombo, Tarakea mpaka Kamwanga, lami inazunguka mlima upande wa mashariki, inapanda na kushuka haichoshi akili, malori hakuna. Nimeiendesha na baiskeli ya gia tatu ujanani ikiwa vumbi, sasa hivi vijana mna lami na gia za kumwaga.

Tahadhari moja mwanangu, kupanga nyumba utapata ila usije na wazo la kununua kiwanja haraka. Kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchaga, ni cha ukoo, kuna makaburi ya wazee mle ndani, atakayekuuzia kwa siri atakuletea kesi. Panga kwanza, watu wakujue.

Eldy254

Salamu kutoka Eldoret. Ndugu yangu kama mpaka si tatizo kwako kuja uangalie Iten, mita 2,400, ni karibu na sisi hapa na wakimbiaji wamezoesha madereva kuona watu barabarani kila asubuhi, hiyo peke yake ni faida kubwa. Ukitoka Iten unateremka Tambach mpaka bonde la Kerio, joto huko chini, halafu unapanda ukuta mzima kurudi, wazungu wa timu kubwa wanakuja kufanya mazoezi hapa. Lakini mtu wa Dar asije akidhani ataendesha wiki ya kwanza, hewa ni nyepesi, pumzi itakata. Na mvua yetu inakuja miezi ambayo nyinyi mnapata ukavu, Julai na Agosti mchana inanyesha karibu kila siku, kwa hivyo tunaendesha asubuhi tunamaliza kabla ya saa saba. Matatu pia, sitakudanganya, wanakupita karibu sana.

Toka_Kigali

Mimi ni Mtanzania niko Kigali kikazi. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yalifanyika hapa, mara ya kwanza kabisa Afrika, Pogačar wa Slovenia akashinda mbio za wanaume za kilomita 267.5 na kati ya wote walioanza wakamaliza 30 tu. Nawaambia hivi ili muelewe vilima vya hapa vikoje, hakuna tambarare, ukitoka dukani unapanda. Hali ya hewa ni tamu mwaka mzima, mji uko kama mita 1,500, lami safi, madereva wana nidhamu, na siku maalum za Jumapili wanafunga barabara kwa magari watu wanakimbia na kuendesha. Musanze ni baridi zaidi na ndiko wanakofanyia mazoezi timu yao.

Ila kwa familia yako mkuu fikiria. Watoto wataingia shule za Kiingereza, mke ataanza upya na leseni ya unesi, maisha ni ghali kuliko Iringa kwa mbali. Njoo likizo uendeshe, urudi nyumbani.

Fundi_Gia

Naona wote mnaongelea mlima hakuna anayeongelea baiskeli. Baiskeli ya resi iliyofungwa kwa ajili ya Dar, mbele meno 53 na 39, nyuma inaishia 25, ukienda nayo Marangu au Uyole utauza magoti. Badilisha nyuma uweke inayofika 32 au 34 kabla hujahama, na uangalie gia ya nyuma kama mkono wake unafika. Breki kama ni za kubana rimu, kwenye mteremko mrefu usiishikilie, rimu inapata moto na tyubu inapasuka. Kamata, achia, kamata. Tyubu za valvu nyembamba nunua za kutosha huku Dar, mikoani utapata za Phoenix tu, zile baiskeli za kawaida za mizigo. Kwa vipuri na mafundi wa gia Arusha iko mbele kwa sababu ya kampuni za utalii, Iringa utakuwa fundi wako mwenyewe.

Shy_Town

Shinyanga hapa, kwa baridi sigombani na mtu maana hatuna. Nataka tu mjue dereva wa Kanda ya Ziwa amekua na baiskeli, baba yake alibeba pamba kwa baiskeli, anakupisha bila honi. Popote utakapoenda angalia kama wenyeji wenyewe wanaendesha kwenda shambani na sokoni. Wakiwa wanaendesha utakuwa salama kuliko bega la lami la mita mbili.

Pedali_Kimara

Shy_Town hilo nimelichukua kabisa. Nimekaa na mke jana usiku tukapitia yote. Kigali na Iten tumeziweka kwenye likizo. Mbeya imetoka kwa sababu ya malori, samahani Uyole, barabara ya Tukuyu nitakuja kuiendesha. Marangu tumeipenda sana ila kituo cha kazi cha mke kikiwa Moshi mjini atapanda na kushuka kila siku na zamu za usiku, sitaki kumpa hiyo adhabu kwa ajili ya baiskeli yangu.

Imebaki Usa River na Iringa. Tunataka kwenda kuishi kidogo kila sehemu kwenye mwezi wake mbaya, Usa River Aprili kwenye matope, Iringa Septemba kwenye upepo. Itakayovumilika kwa watoto ndio tunahamia. Kihesa, nyumba ya kupanga ya muda tunapata upande gani?

Kihesa_Iringa

Kihesa hukuhuku au Mkimbizi, unatoka getini uko barabara ya Dodoma tayari. Usipange Ipogolo hata wakikwambia ni rahisi, kila siku utamaliza kwa kile kilima cha kupanda mjini pamoja na daladala. Ukishajua tarehe niambie, Jumamosi tunatoka saa 1 kamili, na mke kama anaendesha tuna kina dada wanne.

MamaNasra_Njiro

Na Aprili nakusubiri Usa River, leta madigadi ya baiskeli yote mawili.