Mjadala: jumla limbikizi (inayojumlisha mstari kwa mstari) ikokotolewe kwenye swali la SQL, lugha ya kanzidata, au salio lihifadhiwe kwenye jedwali?

Mleta mada: Wakuu, tulijadili hili bila ushabiki. Kila likisanifiwa jedwali la miamala hakosi mtu wa kudai safu ya salio kwenye kila mstari. Napinga. Salio ni matokeo ya hesabu. Ukilihifadhi una ukweli sehemu mbili, na siku zikipishana hujui uamini upi. Ukiingia muamala wa tarehe ya nyuma, masalio yote yanayofuata yanakuwa ya uongo.

Zamani niliwaelewa. Jedwali lilijiunga na lenyewe, kila mstari ukijumlisha yote iliyoutangulia. Mistari 10,000 ilikuwa kazi ya kusoma zaidi ya milioni 50. Lakini fanksheni za dirisha (zinazokokotoa juu ya kundi la mistari huku kila mstari ukibaki) zimo kwenye kiwango cha SQL tangu 2003. PostgreSQL ilizipata 2009, MySQL na SQLite 2018. Sasa inatosha:

`SUM(kiasi) OVER (PARTITION BY akaunti ORDER BY tarehe, id ROWS UNBOUNDED PRECEDING)`

Hiyo ROWS (inayohesabu mstari mmoja mmoja) msiipuuze, wala id (namba ya kipekee ya mstari). Ukipanga kwa tarehe tu bila ROWS, kanzidata inatumia RANGE na kuhesabu miamala ya tarehe moja kwa mkupuo. Tarehe 1 iingie 100, tarehe 2 iingie 50 kisha itoke 30: unapata 100, 120, 120. Kwa mstari wa hapo juu unapata 100, 150, 120.

Mchangiaji 1: Mkuu, akaunti ina miamala milioni kadhaa, mteja anataka namba moja tu, nawe unapitia historia nzima? Tena ukichuja mwezi huu kwa WHERE, kichujio kinatangulia dirisha, jumla inaanza sifuri. Lazima ukokotoe yote kwenye swali la ndani, ndipo uchuje nje. Na pesa ikitolewa, salio lijulikane kabla hujaruhusu.

Mchangiaji 2: Hapo kwenye kuruhusu ndipo wengi wanapoumia, hata wenye salio lililohifadhiwa. Maombi mawili yanasoma 500 kwa pamoja. Moja linaongeza 100, linaandika 600. Lingine linatoa 200, linaandika 300. Ilipaswa kuwa 400, na hakuna ujumbe wowote wa hitilafu. Msisome kwanza kwenye programu; andikeni `SET salio = salio - 200` pamoja na sharti `salio >= 200`, kwenye amri moja ya UPDATE (ya kubadili data).

Mleta mada: Nakubali hilo, kwa salio moja kwa kila akaunti. Nakubali pia salio la kufunga mwezi kwenye jedwali lake, swali lianzie hapo, mradi mwezi ukifungwa hauguswi na marekebisho yanaingia kama muamala mpya. La kila mstari bado nalikataa. Nani analihitaji?

Mchangiaji 1: Mkaguzi. Anataka salio ambalo mfumo uliliona ulipokuwa unaruhusu, si la leo baada ya kupachika miamala ya nyuma.

Mchangiaji 2: Hata hilo linakokotoleka. Tunza muda wa kuingizwa kando ya tarehe ya muamala, usifute wala kubadili mstari, kisha kwenye dirisha panga kwa muda wa kuingizwa.

Mchangiaji 1: Na mistari miwili ikiingia sambamba, muda uleule, ni upi ulioonwa kwanza?