Access: AMCOS iliyochaguliwa inapotea fomu ya kuanzia ikifungwa

Kiborloni_db
Wakuu, heshima mbele. Mfumo ni wa mapokezi ya kahawa hapa Moshi, Access 2016 (programu ya hifadhidata ya Microsoft). Karani akiingia anachagua AMCOS (chama cha ushirika cha mazao) kwenye komboboksi cboAmcos iliyo ndani ya frmKuanzia. Kweri (query) zote zina kigezo [Forms]![frmKuanzia]![cboAmcos]. Fomu ikifungwa, kila ripoti inatoa kiboksi cha kumtaka karani aandike thamani mwenyewe. Nikaweka kigeu (variable) Public lngAmcos As Long kwenye moduli. Asubuhi inakubali, mchana inasoma 0. Nifanyeje?

Njiro_kodi
Mkuu, hayo ni matatizo mawili. Kiboksi kinatokea kwa sababu Forms! huona fomu zilizo wazi tu. Ukitaka kubaki na njia hiyo, usiifunge fomu, ifiche: Me.Visible = False.

Hiyo 0 ni kosa ambalo halikudakwa. Karani akibonyeza End kwenye ujumbe wa kosa, vigeu vyote vya Public vinafutwa, na Long tupu ni 0. Weka On Error kwenye kila prosija. Ukigawa faili la .accde (lisiloruhusu kodi kuhaririwa) vigeu havifutwi hivyo, ila usitegemee hilo peke yake.

Dawa yake ni TempVars (vigeu vya muda vya Access yenyewe), zipo tangu Access 2007 na hazifutwi na kosa. Kwenye AfterUpdate ya cboAmcos andika:

TempVars("AmcosID") = Me.cboAmcos.Value

Hiyo .Value usiiache. Ukiiacha unaipa komboboksi nzima badala ya thamani yake, na utapata kosa 32538. Kigezo cha kweri kiwe [TempVars]![AmcosID]. Jina la AMCOS kwa ajili ya kichwa cha ripoti lichukue kwa Me.cboAmcos.Column(1), maana safu zinahesabiwa kuanzia 0.

Kiborloni_db
Ripoti zimekubali, asante mkuu. Ila OpenRecordset kwenye kodi inalalamika: 3061, Too few parameters.

Sakina_77
DAO (maktaba ambayo OpenRecordset huitumia kusoma data) haijui kutafsiri Forms! wala TempVars, inaviona kama vigezo ambavyo hujavijaza. Tengeneza fanksheni kwenye moduli ya kawaida, si moduli ya fomu:

Public Function AmcosYangu() As Long
AmcosYangu = Nz(TempVars!AmcosID, 0)
End Function

Kweri zote ziwe na AmcosYangu() kwenye kigezo, OpenRecordset itazikubali. Faida nyingine: ukibadili pa kuhifadhi, unagusa sehemu moja tu. Nz, inayogeuza Null (yaani hakuna thamani) kuwa 0, ni ya lazima. TempVar ambayo haijawekwa inarudisha Null bila kosa lolote, na Null haiingii kwenye Long.

Sifuri nayo usiiache ipite kimya. Ripoti tupu karani ataisoma kwamba leo hakuna kahawa iliyoingia. Kwenye Open ya kila ripoti: If AmcosYangu() = 0 Then Cancel = True, pamoja na ujumbe wa kumrudisha frmKuanzia. Anayeiita hiyo ripoti kwa DoCmd.OpenReport atapata kosa 2501. Lidake, halina madhara.

Njiro_kodi
Nyongeza: TempVars hufa Access ikifungwa. Ukitaka kesho ikumbuke chaguo la jana, hifadhi kwenye jedwali dogo lenye rekodi moja, lakini ndani ya faili la mbele (lenye fomu na ripoti) la kila kompyuta. Ukiliweka kwenye faili la data la pamoja, karani wa Himo akichagua yake, wa Marangu naye anahamishwa bila kujua.