Kuzipu folda nzima na kuimwaga kwenye seva: wakuu, hii tabia ikome

Wakuu, siku tatu nzima nimejizuia nisiandike nikiwa na hasira. Nimeshindwa.

Nina mteja mwenye duka la vifaa vya umeme Kariakoo, mfumo wake wa mauzo nimeujenga mimi. Ijumaa nilikuwa safarini, kazi ya kuuhamishia seva mpya nikamwachia mwenzangu. Akachukua folda anayofanyia kazi kwenye laptopu yake, akaizipu kama ilivyo, akaifungua ndani ya public_html, folda ambayo tovuti inasomwa na watu wote. Picha za bidhaa akazihamishia humohumo, seva ya zamani akaifunga.

Jumamosi asubuhi mteja ananipigia: risiti hazina VAT. Naingia kwenye seva, nakuta `$vat = 0; // majaribio` mahali palipotakiwa 18. Natafuta kwenye repo, yaani hifadhi ya msimbo inayotunzwa na Git, programu inayoweka kumbukumbu ya kila badiliko, mstari huo haupo. Hakuwahi kuukomiti, yaani kuuingiza kwenye kumbukumbu hiyo. Yaani duka la mtu linaendeshwa na msimbo ambao uko kwenye laptopu ya mtu mmoja tu!

Nikaandika anwani ya tovuti, nikaongeza `/.git/config`, faili iliyo ndani ya .git, folda ambamo Git inaweka historia. Ikafunguka. Historia yote iko wazi kwa yeyote mwenye brauza, na nywila ya databesi tuliyoifuta kwenye faili mwaka jana bado imo kwenye komiti za zamani.

Namuuliza, ananijibu: "Kaka, nilikuwa katikati ya kazi nyingine." Jamani! `git worktree` ipo tangu toleo la 2.5, mwaka 2015. Ukiwa kwenye tawi jingine, piga `git worktree add ../safi main`, unapata folda ya pili yenye main, tawi kuu la msimbo, na kazi yako ya nusunusu haiguswi. Ukitaka faili za kupeleka tu, piga `git archive --format=zip -o mfumo.zip main`. Kinatoka kilichokomitiwa peke yake, bila .git, bila majaribio yako. Kuna folda ya ziada hutaki itoke? Iandikie `export-ignore` kwenye .gitattributes, faili ya maelekezo kwa Git. Hata watu wa Subversion, programu nyingine ya kazi kama ya Git, walikuwa na `svn export` miaka yote hiyo. Ni mstari mmoja!

Kilichoniuma kabisa ni alivyokwenda "kusafisha" bila kuniuliza. Akapiga `git clean -fdx` palepale kwenye seva. Amri hiyo inafuta vitu ambavyo Git haivifuatilii, na hiyo x inafagia hata vilivyotajwa kwenye .gitignore, orodha ya vitu ambavyo Git imeambiwa ivipuuze. Ikaondoka .env, faili ya nywila na mipangilio, mfumo ukazima. Ikaondoka folda ya picha, ambazo dada wa dukani alizipiga moja moja kwa simu yake kwa miezi miwili. Git haina cha kurudisha, maana hazikuwahi kuingia humo. Na ule mstari wa VAT ukabaki vilevile, kwa sababu clean haigusi faili ambazo Git inazifuatilia.

Nywila nimebadilisha zote, msimbo nimeutoa upya kwa archive. Jana nimepita dukani kuomba radhi. Dada yule hakusema neno, alikuwa ameshaanza kupiga picha upya, yuko rafu ya swichi.