Ushauri: takwimu za mechi zinamtendea haki beki?

Mwana wa Ujiji: Wakuu, heshima kwenu. Naweka takwimu za timu ya ligi ya mkoa hapa Kigoma. Mechi 6, tumefungwa 9. Viongozi wanataka beki namba 5 akalie benchi kwa kuwa ananyang'anya mpira mara 2 tu kwa mechi, namba 4 mara 6. Kwa macho, namba 5 ndiye anayetuliza nyuma. Niandike nini zaidi?

Kisiki: Mkuu, beki anayesoma mchezo anasimama kwenye njia ya pasi, straika anarudisha mpira nyuma, daftari linabaki jeupe. Huyo namba 4 mwenye 6 huenda anatoka kwenye mstari kila mara na kuacha uwazi mgongoni. Ongeza safu mbili: mara alizopitwa, na faulo. Aliyenyang'anya 6 akapitwa 5 hajamzidi aliyenyang'anya 2 bila kupitwa.

Pia angalia mpira ulikuwa kwa nani. Chukua idadi, zidisha kwa 50, gawa kwa asilimia ya umiliki wa mpinzani. Sita dhidi ya mpinzani mwenye 65 zinashuka hadi 4.6, nne dhidi ya mwenye 35 zinapanda hadi 5.7. Ila hiyo ni ya kulinganisha mechi na mechi. Mabeki wawili waliocheza dakika zilezile haitawatenganisha.

Mnyamwezi Halisi: Toka Tabora nawaambia mnazunguka. Takwimu ya ulinzi ni moja tu, mabao. Tisa ni tisa.

Jicho la Benchi: Tisa za nani, mzee? Toa penalti, toa la kujifunga, toa aliyotema kipa. Kisha hesabu mashuti kwa mahali yalipopigwa. A: upana wa boksi dogo, kuanzia mstari wa goli hadi usawa wa doa la penalti, mita 11. B: sehemu iliyobaki ya boksi kubwa. C: nje. Mashuti ya nje huingia kama 3 au 4 katika 100, ya A huingia mara nyingi zaidi ya hapo. Kwa hiyo timu iliyoruhusu C kumi imelinda vizuri kuliko iliyoruhusu A nne, hata kama siku hiyo iliyofungwa ni ile ya kwanza. Vichwa vipe alama yake. Kichwa cha mita 8 ni hatari ndogo kuliko mguu wa mita 8.

Kila A, rudisha video sekunde 10 uone mpira ulipotelea wapi. Kiungo akipokonywa katikati huku mabeki wa pembeni wamepanda, andika kiungo, usimwandike namba 5.

Simu iwekwe juu jukwaani, usawa wa mstari wa kati, picha pana. Mpiga picha akifuata mpira, mstari wa mabeki unatoka kwenye fremu na hapo huna cha kuchambua.

Mwana wa Ujiji: Shukrani. Mabao ya kona je?

Kisiki: Ukurasa wake peke yake. Andika nani aligusa wa kwanza na mpira wa pili ulimwangukia nani. Muulize kocha kwanza: mnakaba mtu au eneo? Bila jibu hilo utamlaumu asiyehusika. Na mechi 6 ni chache mno kumweka mtu benchi kwa namba. Fikisha 10 au 12.

Mnyamwezi Halisi: Sawa, ila kipa naye aandikwe. Huyo wa kutema mnamficha sana.