Mjadala: Kiangazi hiki, ukoka wa Dodoma uendelee kumwagiliwa maji ya bomba?

Wakuu, msimamo wangu nautanguliza ili asiyekubaliana nami ajue pa kuanzia. Kuanzia Julai mpaka mvua za Desemba zishike, DUWASA, mamlaka yetu ya maji hapa Dodoma, ipige marufuku kumwagilia ukoka na kuosha magari kwa mpira wa maji ya bomba ndani ya jiji la Dodoma. Matangazo ya "tumieni maji vizuri" tumeyasikia miaka yote. Sasa iwekwe faini.

Tukumbushane tunaishi wapi. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mwaka wa kawaida ni milimita 550 hadi 600 hivi. Hatuna mto unaotiririka mwaka mzima wala ziwa la jirani. Kwa miongo mingi mji huu umekunywa maji ya visima vya Makutupora, kule Mzakwe, na visima vile vilianza kuhudumia mji mdogo. Sensa ya 2012 ilikuta hapa watu kama 410,000. Serikali ikaanza kuhamia kwa kasi baada ya 2016, na sensa ya 2022 ikakuta watu zaidi ya 760,000.

Kinachoninyima amani zaidi ni hiki. Kina cha maji ya Makutupora kimepimwa tangu miaka ya 1950, na watafiti walipochambua vipimo hivyo waliona kwamba si kila masika yanajaza maji ya chini. Mwaka unaweza kunyesha vizuri, uwele ukakomaa, mabwawa ya ng'ombe yakajaa, na kule chini kina kisipande. Kinachopandisha kina hasa ni miaka michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tunachochota leo ni akiba ya mvua za miaka ya nyuma, na mvua kubwa ijayo haina tarehe. Wanaosema "masika yakija tutapona" walifikirie hilo.

Sasa chukua ukoka wa mita za mraba 100. Kwa jua la Septemba na upepo wetu huu, ili ubaki kijani unataka lita 400 hadi 500 kwa siku. Lita 500 ni madumu 25. Nenda mtaa ambao maji yanatoka kwa mgao uone madumu 25 yanavyogombewa.

Miti siigusi. Jiji linataka kuwa la kijani na ninaunga mkono, kwa sababu vumbi la hapa tunalijua. Mche wa mwarobaini ukichimbiwa kisahani kuzunguka shina na kuwekewa matandazo ya nyasi kavu, unaishi kwa ndoo ya maji ya kusuuzia nguo mara mbili kwa wiki. Ukoka hauna kivuli wala tunda.

Karibuni tubishane.

Mchangiaji wa mtaa wa Kisasa: Mkuu, bili nalipa kila mwezi bila kuchelewa. Uniti ni lita 1,000, na nikitumia uniti 30 nalipia 30. Bomba kubwa likipasuka barabarani maji yanamwagika mchana kutwa, halafu mnakuja kunihesabia mimi dakika ishirini za mpira? Wazibe mabomba yao kwanza.

Mchangiaji wa Miyuji: Mimi nimechimba kisima kirefu kwa hela yangu, pampu yangu, umeme wangu. Hiyo marufuku inanihusu nini?

Mchangiaji wa Nkuhungu: Kwetu maji yakitoka, yanatoka usiku wa manane. Naamka najaza ndoo, sufuria, mpaka beseni la mtoto. Yakikata siku nyingi nanunua ya boza, na dumu la boza ni ghali kuliko dumu la bomba la huyo kaka wa Kisasa. Ukoka ufe tu. Ila vijana wa kuosha magari msiwaguse, mdogo wangu anakula kwa kazi hiyo.

Mleta hoja: Dada wa Nkuhungu, umenisogeza. Nilikuwa nafikiria kuosha magari kote, lakini tatizo ni mpira unaoachwa wazi wakati mtu anasugua matairi. Ndoo mbili tatu na kitambaa vinatosha gari dogo. Marufuku iwe ya mpira, kazi ya mdogo wako ibaki.

Ndugu wa Kisasa, mabomba yazibwe, tena viongozi wa mitaa wadai hivyo kila kikao. Ila kubadilisha bomba kuu ni bajeti na miezi, na mpira wako unafungwa leo jioni. Na bili haiongezi maji kisimani: unaweza kulipia uniti 30 ambazo mtaa wa pili hawakuzipata kabisa.

Ndugu wa Miyuji, pampu ni yako. Maji si yako. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inasema maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na ndiyo maana kisima kirefu kinaombewa kibali Bodi ya Maji ya Bonde. Maji ya chini hayafuati mipaka ya kiwanja. Ukivuta sana, kina cha jirani kinashuka pia. Kwa maoni yangu wenye visima ndio wawe wa kwanza kufungwa mita, maana leo wengi hakuna anayejua wanavuta kiasi gani.

Na wote watatu niwaulize la paa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, kwa milimita 550, linapokea lita 55,000 kwa msimu. Toa robo kwa kumwagika na kwa mvua ya kwanza ya kusafisha vumbi, bado zinabaki zaidi ya lita 40,000, tena hazina chumvi ya visima vyetu. Nyumba ngapi mpya za Iyumbu na Ilazo zina mfereji wa bati unaoishia kwenye tangi? Napendekeza kibali cha ujenzi kisitolewe bila mfereji na tangi kuonekana kwenye ramani. Mnaojenga sasa hivi, mfereji na tangi la lita 5,000 vimewagharimu kiasi gani, na mwenye kiwanja kidogo Chang'ombe aliweke wapi?