Naomba ushauri: onyesho la sanaa la mtaa, vikundi 6 na michoro 40

MratibuMpya:
Wakuu, heshima kwenu. Zimebaki wiki tatu tufanye onyesho la mtaa kwenye uwanja wa wazi, saa 10 jioni hadi saa 3 usiku. Kuna ngoma mbili, kwaya, washairi, igizo fupi na bendi, pamoja na michoro 40 ya vijana. Kibali tayari. Umeme ni wa jenereta. Nisaidieni ratiba, sauti na namna ya kutundika michoro.

Mshereheshaji:
Piga hesabu kabla ya kupanga majina. Vikundi sita kwa dakika 25 ni 150. Kupishana jukwaani mara tano kwa dakika 15 ni 75. Jumla 225, wewe una 300. Hizo 75 zinazobaki usimpe mtu. Zitaliwa na kuchelewa kuanza na hotuba za wageni.

Washairi wasifuate ngoma moja kwa moja. Masikio yakishazoea mapigo, sauti ya mtu mmoja huzama hata spika zikiwa juu. Anza na mashairi na igizo, kisha kwaya, ngoma, halafu bendi.

FundiSauti:
Sawa, ila kupima sauti kunakwenda kinyume na ratiba. Bendi inayofunga ndiyo ipime kwanza, washairi wapime mwisho. Hapo vyombo vya bendi vinabaki nyuma ya jukwaa vimefunikwa, na maiki za wanaofungua ziko tayari mahali pake.

Spika zikae mbele ya mstari wa maiki. Zikiwa nyuma ya mwimbaji, maiki inanasa sauti ya spika, spika inairudisha, ndipo unapata ule mluzi wa kutoboa masikio. Ukitokea, tazama kwanza ni nani ametembea na maiki hadi mbele ya spika. Ngoma zenyewe ziacheni bila maiki, wapeni waimbaji.

Jenereta: jumlisha wati za vifaa vyote, zisizidi robo tatu ya uwezo wake. Iwe mbali na watu, upande ambao upepo unapeleka moshi nje ya uwanja. Tangi lijazwe kabla ya kuanza. Kumimina petroli kwenye injini ya moto ni kuchezea uhai. Na ekstensheni ya kuviringisha ikunjuliwe yote, hata kama unahitaji mita tano tu. Waya uliojizungusha ukibeba mzigo mkubwa hupata joto lisilo na pa kutokea, plastiki inayeyuka.

MkonoWaRangi:
Kwa michoro, weka kamba mbili kwenye nguzo, ya juu na ya chini. Watu wengi hufunga juu tu, upepo ukija karatasi zinageuka mgongo na kuchanika kwenye tundu. Funga pembe zote nne, na kila tundu ulibandike utepe pande zote mbili kabla ya kulitoboa. Katikati ya mchoro iwe sm 145 hadi 150 kutoka chini. Wakija watoto wengi, shusha kidogo. Mchoro wa sm 60 na nafasi ya sm 30 ni sm 90, kwa hiyo 40 zinataka mita 36 kwa kila kamba, yaani mita 72 kwa zote mbili. Nyuso zielekee kaskazini au kusini, jua la jioni lisimpige mtazamaji machoni.

MratibuMpya:
Asanteni sana. Bango tumeandika "8:00" ndiyo bendi inapanda. Na mvua je?

Mshereheshaji:
Badilisha leo hii! Mmoja atakuja saa 8 mchana, mwingine saa 2 usiku. Andika "saa 2 usiku", siku ya wiki na tarehe, kisha hakikisha kwenye kalenda kwamba vinaoana.

FundiSauti:
Mvua: mtu mmoja apewe kazi ya swichi kuu na asiende popote. Matone ya kwanza yakianguka, azime umeme ndipo mfunike miksa (mashine ya kuchanganya sauti), siyo kinyume chake. Turubai liwe tayari limekunjuliwa nusu kando ya meza, na soketi zote ziinuliwe juu ya matofali tangu asubuhi.